Nani Atamwogesha Mzee?

Jumanne, 3 Juni 2025

Ninaandika haya ili nisije nikamtukana mtu kanisani. Nikishaandika hasira inapungua, na karatasi haiendi kunisemea kwa wifi.

Mzee amefika. Ni baba mkwe wangu, baba yake Aliko. Katoka Ileje juzi Jumapili na begi moja na redio. Mama mkwe tulimzika mwezi wa tatu, na Aliko akaona baba yake hawezi kubaki peke yake kwenye ile nyumba ya mlimani. Sawa, hata mimi nilisema aje. Basi Aliko kamleta Jumapili jioni, kalala, na jana alfajiri mwenyewe huyo, karudi Tunduma kwenye kazi yake ya kutoa malori forodhani, mpaka Jumamosi. Mzee kaachiwa nani? Kaachiwa mimi Roda, peke yangu hapa kijijini Ruanda, na kahawa ndiyo imeanza kuiva. Watoto wenyewe wako shule za bweni.

Na si kwamba ni mzee tu wa kumpelekea uji. Hawa ni Wandali, mimi ni Mnyiha niliyeolewa kwao. Kwenye ukoo huu mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Simtaji jina, hata hapa siliandiki. Simtazami. Akitokea njiani naingia migombani mpaka apite. Kusemeshana moja kwa moja ndiyo kabisa, hakuna. Wengi siku hizi wameacha, lakini ukoo huu haujaacha, na wifi yangu Nesta ndiye askari wake.

Kwa hiyo tunaishi hivi. Chakula naweka kwenye stuli mlangoni kwake, nagonga, nakimbilia jikoni. Nikiwa na neno namwambia jogoo kwa sauti. "Jogoo, mwambie mzee uji umeiva." Na Mzee naye kutoka ndani anamjibu jogoo: "Mwambie hauna sukari."

Jogoo mwenyewe kanyamaza, ana bahati yake.

Alhamisi, 5 Juni

Baridi kali. Tumeanza kuchuma upande wa chini. Mzee hajaoga tangu aje.

Jumamosi, 7 Juni

Aliko karudi na mkate na maneno mengi ya mpakani. Nilimwacha ale kwanza.

"Baba yako hajaoga," nikamwambia.

"Si umpelekee maji?"

"Maji napeleka kila siku. Anayatazama mpaka yanapoa. Miguu inamtetemeka, sakafu ya bafu inateleza, anaogopa. Mwogeshe wewe."

Aliko kaweka kijiko chini taratibu. "Unataka nilaaniwe, mama Brayan? Husomi Biblia? Hamu alimwona Nuhu uchi, yaliyompata unayajua."

"Nuhu alikuwa amelewa. Baba yako ananuka."

"Laana haiangalii hayo."

"Na Hamu hakuwa na sabuni mkononi, Aliko!"

Kanikasirikia mpaka kalala amegeukia ukutani. Yaani mwanaume anayegombana na madereva wa nchi saba anaogopa mgongo wa baba yake mzazi. Nimechoka mie.

Jumanne, 10 Juni

Mwandiko leo ni mbovu, nimekimbia mno.

Nilikuwa kwenye mashine ya kukoboa, nikasikia ndoo inaanguka bafuni, halafu kishindo kingine kizito. Nikajua. Mzee kachota maji ya baridi mwenyewe, kaingia kuoga kimyakimya bila kusema. Nikakimbia mpaka mlangoni pa bafu, nikashika lile gunia la pazia, halafu nikasimama.

Nikasimama! Mtu kaanguka ndani, anaugulia, mimi nimeshika gunia nalitazama. "Mzee, umeumia?" nikauliza hewani, hata jogoo hakuwepo. Yeye akapiga kelele, "Asiingie mtu! Asiingie mtu!" Nikavua kitenge changu nikamrushia juu ya ukuta ajifunike, nikakimbia mguu peku katikati ya kahawa kumfuata Isaka. Isaka ni jirani yetu na mzee wa kanisa. Nikamkuta yuko juu kabisa ya shamba lake. Ashuke, aoshe mikono, avae viatu. Viatu, Mungu wangu! Mpaka tunafika, Mzee alikuwa bado chini kwenye saruji na baridi hii, midomo imebadilika rangi.

Isaka akamnyanyua akamwingiza ndani. Mimi nikachemsha chai, nikaweka mlangoni, nikagonga, nikaondoka. Ndiyo msaada wangu huo. Nimejichukia leo, na mila nimeichukia, na Aliko nimemchukia kuliko wote maana simu yake haikupatikana mpaka jioni.

Jumatano, 11 Juni

Nimempeleka zahanati kwa bajaji. Yeye nyuma, mimi mbele na dereva, nimegeuza shingo upande wa barabara mpaka imekakamaa.

Nesi pale anaitwa Diana, msichana mdogo, si wa huku. Kachukua kalamu. "Jina la mgonjwa?"

Nikatazama mlango.

"Mama, jina la mgonjwa."

"Muulize mwenyewe."

"Mwenyewe ana maumivu, nakuuliza wewe. Umemwokota barabarani?"

"Ni baba mkwe wangu."

"Baba mkwe wako na hujui jina lake?"

"Nalijua sana. Halitoki."

Watu kwenye benchi wakaanza kucheka, mmoja wao Mndali akamweleza. Nesi kanitazama kwa huruma, na mimi huruma ya namna ile inanikera kuliko matusi.

Alipomaliza kumpima kaniita pembeni. Hakucheka tena. Nyonga haijavunjika, ni kuvilia damu tu. Lakini mapajani, kwenye mikunjo, ngozi imelowa na imeanza kuchubuka. "Aogeshwe kila siku, maji ya vuguvugu, akaushwe vizuri, kwenye mikunjo pasibaki unyevu. Ukiacha, hapo panakuwa kidonda, na kwa umri wake kidonda kama hicho kinaua. Na asianguke tena, mama. Hiyo nyonga haitavumilia mara ya pili, hatanyanyuka kitandani. Nani anamwogesha?"

"Tunatafuta," nikasema.

Jumamosi, 14 Juni

Leo nimefanya kazi ya maana. Aliko kaja na raba nzito ya lori kutoka Tunduma. Tumeikata tukaitandika bafuni nzima, upande wenye vinundu juu, haitelezi hata ukimwaga sabuni. Nikavunja kichanja kimoja cha kuanikia kahawa, mbao zake fundi Lusubilo akazitengenezea kiti kipana chenye miguu minne ya kukaa imara, na ule wavu wa kichanja ndio ukawa kikalio chake, maji yanapita chini. Ukutani tukagonga ufito wa mlingoti uliolainishwa, wa kushikia. Upande wa upepo nikaongeza bati. Nikasema sasa hakuna mwenye kisingizio.

Aliko akakubali kumwogesha. Nilifurahi mapema. Kumbe kaingia na leso, kajifunga macho!

Mimi nje nasikia kila kitu. "Aliko, hilo ni sikio." Maji. "Aliko, hiyo sabuni iko jichoni." Maji. "Mwanangu, unaogesha kiti." Akatoka amelowa kuliko baba yake, anasema kamaliza. Nikamuuliza, mapajani je, alikosema nesi? Akasema huko hakufika na hafiki.

Basi alichoosha ni nywele.

Jumatatu, 16 Juni

Upepo. Kahawa nyingi. Aliko karudi kwa malori yake.

Alhamisi, 19 Juni

Isaka kajitolea kuja kumwogesha Mzee katikati ya juma. Mungu ambariki, lakini ambariki akiwa kwake. Nimechemsha maji, nimechanganya, nimepima kwa kiwiko, yako sawasawa. Isaka kamwingiza Mzee bafuni, kamvua zote, kamkalisha. Halafu akasema, "Kabla hatujaanza, tuombe."

Akaombea wagonjwa wote, wajane, vijana wa bodaboda. Akaombea mvua, na mvua huku mpaka Novemba. Mimi nasimama jikoni naangalia mvuke wa ndoo unakwisha. "Jogoo," nikapiga kelele, "mwambie mtumishi maji yanapoa!" Akasema amina, akammwagia mtu maji ya baridi mgongoni. Mzee alivyopiga kelele, hata mbuzi wa kwa Isaka waliitikia.

Jumapili, 22 Juni

Mzee kagoma kuoga na Isaka. Simlaumu.

Jumamosi, 28 Juni

Wifi Nesta kaja kutoka Itaka na dodoki, sabuni ya dawa na simu. Kabla hajasalimia kanikagua. "Roda, baba yangu amekonda." Nikasema karibu. "Ananuka, Roda." Nikasema karibu sana, maji yako tayari.

Kwanza kampiga picha yuko kwenye kiti amevaa, akatuma kwenye grupu la ukoo: Baba yuko salama mikononi mwetu. Mikononi mwetu! Halafu akaingia naye bafuni. Kwake yeye hakuna Hamu wala Nuhu, yeye ni mtoto wa kike na huyu ni baba yake, atafanya. Nikasema heri, angalau mmoja ana akili.

Jamani, alimsugua yule mzee kama anaosha viazi. Nilisikia dodoki lenyewe. Mzee anasema "Pole pole, mama," Nesta anasema "Uchafu hautoki pole pole, baba." Huko mapajani palipochubuka akapasugua na sabuni ya dawa, nikasikia mlio ambao sitaki kuusikia tena. Halafu akampaka mafuta mwili mzima, mpaka nyayo, akiwa bado hajamvalisha ndala, akamwambia simama.

Mguu ukaenda zake. Mzee akashika ule mlingoti wa ukutani kwa mikono yote miwili akaning'inia, Nesta akapiga mayowe, "Roda! Roda!" Sasa Roda aingie afanye nini, na Nesta ndiye aliyesema nisionekane hata kivuli? Akamrudisha kitini mwenyewe. Hakuanguka. Lakini alitoka bafuni amefura, kajifungia chumbani, na kasema neno moja, tena kwa mlango, si kwa jogoo: "Sitaoga tena kwenye nyumba hii."

Nesta kaondoka na basi la mchana akilia, na kabla ya kuondoka kaniambia nimemlea vibaya baba yake. Mimi niliyemlea kupitia kuku.

Jumanne, 1 Julai

Hajaoga.

Ijumaa, 4 Julai

Hajaoga. Tunachuma mpaka vidole vinakufa ganzi. Nilifua shuka zake leo, zina maji ya kidonda. Hakuna haja ya kuambiwa, naona mwenyewe.

Jumapili, 6 Julai

Aliko alimbembeleza kupitia dirishani, akashindwa. Mzee anataka arudishwe Ileje. Aliko ananiuliza mimi, "Tumrudishe?" Nani atamwogesha Ileje, nikamuuliza, yale mawe? Akasema nina mdomo. Ninao.

Jumanne, 8 Julai

Sasa anatembea miguu imetanuka. Uji wa asubuhi umerudi kama ulivyokwenda.

Ijumaa, 11 Julai

Leo yameisha. Ngoja niandike yote na nisiruke.

Asubuhi nilichemsha maji kama kawaida, nikayaweka bafuni kama kawaida, nikarudi kukaa nje ya mlango wake na beseni la kahawa ya kuchambua. Yakapoa. Nikachemsha tena. Yakapoa tena. Mara ya tatu nikaona moshi wa kuni mbichi umeniingia machoni, kumbe si moshi.

"Jogoo," nikasema. "Mwambie mzee mimi nimechoka. Mwambie kama ameamua kuozea nyumbani kwangu aniambie, niache kumaliza kuni."

Akajibu kutoka ndani: "Mwambie asitukane."

"Mwambie situkani. Nalia."

Nikasikia kitanda kinalia. Nadhani alikaa. Alianza kuzungumza, na nilivyomjua mimi ni mtu wa maneno mawili matatu, kwa hiyo niliacha kuchambua.

"Mwambie hivi. Mke wangu, mwaka ule wa mwisho, hakuweza kujiogesha. Mimi ndiye niliyemwogesha. Hamkujua. Nilikuwa nafunga dirisha, maana watu wangesema mwanaume gani huyu anashika beseni la mwanamke. Sikumvua hata siku moja. Shuka inakaa juu, mkono unapita chini ya shuka. Unaosha mkono, unakausha mkono, unafunika. Ndipo unakwenda kwingine. Hakupata baridi. Hakupata kidonda, mpaka tunamzika ngozi yake ilikuwa nzima."

Sikuwa najua. Tulikwenda kule mara ngapi, tukamkuta mama safi, ananukia mafuta ya nazi, Nesta akasema ni majirani wanasaidia.

"Sasa hawa," akaendelea, na sauti ikapanda. "Mmoja ananiweka uchi anaombea bodaboda. Mmoja ananikwangua. Mmoja kajifunga macho kama mimi ni maiti. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, baba, tuanzie wapi. Basi afadhali ninuke. Mwambie hivyo."

Nilikasirika, nitasema nini. Nilikasirika kwamba mtu ana ujuzi wote huo kichwani na kaukalia mwezi mzima, anatuacha tunabahatisha na nyama yake inaharibika. "Jogoo, mwambie mzee angesema tangu mwanzo! Mwambie sisi si waganga!"

"Mwambie ningemwambia nani?"

Nikasukuma beseni la kahawa pembeni.

Halafu nikasema, sijui nilipata wapi ujasiri, "Mwambie mzee kama angekuwa mama, mimi ningemwogesha tangu siku aliyofika."

"Mwambie najua."

"Mwambie bado ninaweza."

Nikadhani nimeharibu kila kitu. Kisha akasema kwao mke wa mtoto anaweza kufunguliwa. Wazee wanakaa, ng'ombe anachinjwa, baba mkwe anampa mkwe kitu mkono kwa mkono, na kuanzia hapo wanaonana, kimekwisha.

"Mwambie basi nitampigia Aliko tutafute ng'ombe," nikasema.

"Ng'ombe yuko Ileje," akasema Mzee. "Kidonda kiko hapa."

Mlango ukafunguka kidogo. Ukatoka mkono, mkavu, mishipa imesimama, na ndani yake kile kipande cha sabuni nilichomwekea.

"Roda," akasema. "Pokea."

Nilipokea. Na nikamtazama. Ni mzee tu, jamani. Ana macho ya Aliko na kovu juu ya nyusi nisilolijua. Naye alikuwa akinitazama, na nadhani alikuwa anashangaa nilivyozeeka.

Nikachemsha maji mara ya nne. Alikaa kwenye kile kiti na nguo zake, nikamfunika shuka kuanzia shingoni, akavua mwenyewe chini yake, moja moja, akanipa. Nikamuuliza, "Tuanzie wapi?" Akasema miguuni, ili mwili uzoee maji. Nikaanzia miguuni. Nikakausha, nikafunika. Mikono, kifua, mgongo. Kila mahali alipoweza kufika mwenyewe nilimpa kitambaa akaosha. Palipouma aliniambia nibonyeze tu na kitambaa laini, nisisugue, niache maji yafanye kazi. Nilibonyeza nimetazama ukuta, si kwa mila, kwa heshima yake. Mafuta tukaacha mpaka amekaa kitandani, na nyayo hazikupakwa.

Msidhani alikuwa malaika. Maji ya moto mno. Maji ya baridi sasa. Sabuni gani hii, ya kufulia? Shuka inavuja. Unaosha kama una haraka, una safari? Nikamwambia ndiyo, nina kahawa. Akasema kahawa haina miguu.

Nilipomaliza kumfunga shati alisema "Ndaga," asante ya kwao, akageukia ukutani akalala palepale. Mimi nikaenda nyuma ya jiko nikalia vizuri, kisha nikaanika kahawa.

Jumapili, 13 Julai

Ameoga. Kalalamikia taulo.

Jumatano, 16 Julai

Ameoga. Kalalamikia taulo jipya. Pale mapajani pameanza kukauka, na leo kala ugali wote na mboga. Tunaongea sasa, siri yetu. Simpendi sana anapozungumza siasa.

Jumamosi, 19 Julai

Nimekamatwa. Aliko kaja mapema bila kupiga simu, kanikuta natoka bafuni na beseni, Mzee nyuma kanishika bega. Aliko kafungua mdomo na haukufunga. Jioni kampigia dada yake. Kesho kuna kikao. Wacha kiwepo.

Jumapili, 20 Julai

Walikaa sebuleni baada ya ibada. Nesta, Aliko, na Isaka kwa upande wa kanisa. Mzee kwenye kiti chake na fimbo, msafi, kanyolewa ndevu. Mimi kwenye kigoda karibu na mlango.

Nesta alianza. Nimevunja heshima ya ukoo. Hakuna mwanamke wa kwao aliyewahi kumwona baba mkwe, seuze kumshika. Ukoo utapata mikosi. "Roda, wewe ni mkwe! Hata aibu huna?"

"Aibu ninayo," nikasema. "Muda ndio sina."

"Unaona anavyojibu?" akamwambia Aliko. Aliko alikuwa anatazama viatu vyake. Mume wangu, kwenye vita vyote vya nyumba hii, ameshatazama viatu vyake sana.

Isaka akakohoa, akasema labda tuombe kwanza. Mzee akagonga fimbo chini.

"Hatuombi," akasema. "Nesta, mikosi ilikuwa mapajani kwangu, na wewe uliisugua kwa dodoki. Imepona. Aliyeiponya ni huyu. Mimi mwenyewe nimemfungua, kwa mkono wangu. Ng'ombe nitamtoa nikienda Ileje, mle mshibe. Lakini leo nasema mbele yenu, Roda si mkwe tena. Huyu ni mwanangu."

Basi. Nesta kaangua kilio, kanikumbatia, kapiga kigelegele. Isaka kasema haleluya. Aliko kanishika mkono, "Hongera, mke wangu." Wote walikuwa wanacheka na kufuta machozi, na mimi machozi yalikuwa karibu kabisa, nilikuwa nimefungua mdomo niseme asante.

Halafu nikawatazama nyuso. Walikuwa na furaha ya watu waliotuliwa mzigo. Nesta alikuwa ameshaanza kutafuta mkoba wake. Aliko alisema, "Basi, jambo limeisha vizuri, sasa Roda atakuwa anamwogesha bila tatizo." Isaka akasema Bwana ametupatia mtu.

"Ngojeni," nikasema. "Kaeni."

Wakakaa.

"Mnashangilia nini? Nimekuwa mtoto wa nyumba hii, nashukuru, baba, nashukuru kwa moyo wote. Lakini mzee hakusema nimekuwa mtumishi. Kama mimi ni mwanawe, basi sasa ana wana watatu, na wote wana mikono. Nesta, Jumatano ni yako. Dodoki liache Itaka. Aliko, Jumamosi na Jumapili. Siku zilizobaki ni zangu. Nitawafundisha shuka inavyokaa, na mtamuuliza yeye muanzie wapi."

"Mimi natoka Itaka!" akasema Nesta.

"Hata mimba yako ya kwanza nilikuja huko kukuhudumia, na Itaka ilikuwa palepale."

Aliko akaanza, sauti ndogo, "Lakini mama Brayan, ile ya Hamu..."

"Aliko," akasema Mzee. "Hamu alikwenda kuwatangazia ndugu zake nje. Wewe ukiniona utakwenda kutangaza?"

"Hapana, baba."

"Basi huna kesi."

Isaka akaomba, kwa kifupi. Sijawahi kumsikia akiomba kwa kifupi.

Jumatano, 23 Julai

Nesta kaja. Kachelewa, kanuna, kaogesha vizuri. Sikumsifu.

Jumamosi, 26 Julai

Aliko hakuja. Eti foleni ya malori. Nimemwogesha Mzee mwenyewe nikiwa nimekasirika mpaka Mzee akaniambia, "Mwanangu, mimi si Aliko, punguza mkono."

Jumatano, 30 Julai

Nesi Diana kamwangalia. Ngozi imefunga, nzima kabisa. Safari hii kamuuliza yeye mwenyewe jina lake.

Jumamosi, 2 Agosti

Jua zuri, kahawa inakauka vizuri. Aliko kaja jana jioni, nilimpigia simu mpaka akaja. Leo nilimpa shuka, kitambaa laini, taulo, nikamwonyesha ndoo, nikamfundisha kupima maji kwa kiwiko, halafu nikaja kukaa juani kwenye vichanja. Leso nilimnyang'anya.

Kukaanza. "Baba, tuanzie wapi?" Vizuri. "Miguuni." Vizuri. Halafu: "Hiyo ni shuka au pazia, mbona fupi?" "Nyanyua mkono, baba." "Nimenyanyua, mwingine huo!" "Maji haya vipi?" "Ya mtu anayetaka kuniua." Kisha Mzee akapaza sauti, "Roda! Mwanangu! Njoo umtoe huyu!"

"Nipo kahawani, baba!" nikajibu, na sikunyanyuka.

Wakabishana juu ya sabuni. Kisha nikasikia maji tu, taratibu, kata moja moja. Nilichambua kichanja kizima, hawajatoka. Nikaanza kuwa na wasiwasi, nikajizuia.

Walipotoka, Mzee alikuwa amevaa sweta na ndala zake, kaenda kulala. Aliko akaja kukaa pembeni yangu, suruali imelowa mpaka magotini. Akachukua punje za kahawa akawa anazipitisha vidoleni, hachambui chochote, ananichanganyia tu. Nilikuwa tayari kumgombeza.

"Mgongo wake," akasema. "Roda, mgongo wa baba umekuwa mdogo. Alikuwa ananibeba kwa mgongo huu kutoka shambani mpaka nyumbani, na kuni juu. Leo umeenea kwenye kiganja changu."

Akafunika uso kwa mkono ule wenye sabuni.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia, kuanzia mwezi wa sita, na yote ni haki yangu. Nikamwacha alie. Alipomaliza nikamwambia Jumamosi ijayo asisahau kukausha katikati ya vidole vya miguu.